Majina Yaliyo Kwenye Kadi

Wageni huuliza jina kwanza, ladha baadaye.
Nami hufuta kaunta taratibu,
nijipe muda wa kuchagua uongo.

Mathalani Shemeji:
ukwaju uliolowekwa tangu adhuhuri, ukachujwa kwa leso kuukuu,
jini kipimo kimoja na nusu, jini ya chupani, si yule wa pangoni,
asali kijiko, na pilipili kichaa
iliyochungulia tu, kisha ikatolewa nje.
Ulimini, utamu mtupu. Kooni ndipo anapoanza kudai.
Nawaambia ni methali ya kale.
Sisemi ni shemeji yupi,
wala kwamba friji yangu bado iko kwake, Changamwe.

Stima Imepotea hatukuibuni sisi. Ilitubuni.
Mkesha wa Pasaka, ukumbi umejaa, Nyali yote giza,
mashine ya barafu imekata roho, vipande vinalia ndooni.
Swaleh akapasua madafu yaliyokuwa kisimani tangu asubuhi,
akakamua ndimu za Kongowea, chumvi akabana kwa vidole viwili,
akatoa mfukoni hiliki zake za kutafuna, akaziponda kwa kitako cha chupa.
Ramu niliimimina mimi, kwa kuhesabu:
moja, mbili, tatu, na nusu ya nne.
Swaleh hanywi. Miaka sita kaunta moja, hajaonja tone.
Hunusa tu, akakunja uso:
"Mbodze, ndimu imezidi."
Na kweli imezidi.
Stima iliporudi tulijaribu upya chini ya taa, kwa vipimo,
haikuwa ile.
Basi mpaka leo nikikichanganya nafumba macho.
Watu hupiga makofi, wakidhani ni mbwembwe.

Meneja naye alibatiza chake: Machweo ya Pwani.
Pasheni, vodka, rangi nyekundu ya dukani.
Hakina hadithi, hakiulizwi,
na ndicho kinachouzwa kuliko vyote.

Mwisho wa kadi, kwa herufi ndogo, kuna Tsuma.
Wengi huliruka. Wanaothubutu husema Suma, au Zuma,
nami hujibu: ni neno la kwetu, maana yake karibu.
Mmoja aliniandikia ujumbe kutoka kwao, amempa mbwa wake jina hilo.

Mnazi wa alfajiri, uletwe kwa pikipiki kutoka Kaloleni kabla ya saa nne.
Ukichelewa una hasira, ukichelewa zaidi ni siki.
Tangawizi mbichi. Ganda la ndimu, si maji yake.
Usitikise: ukoroge mara tatu, kama anayemwamsha mgonjwa.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema.
Baba walimsifu, hakutia maji.
Aliongeza minazi.
Wa kumi na nne ulikuwa umenyeshewa usiku.

Tone la kwanza naliangusha chini, nyuma ya kaunta,
penye mkeka wa mpira.
Swaleh huona. Hupitisha kitambaa, hasemi neno.

Juzi aliingia mama mmoja, viatu mkononi, ametoka harusini,
akaisoma kadi kwa kidole mpaka chini.
"Tsuma," akasema, kwa ulimi wa nyumbani.
Hakuuliza maana yake.
Aliuliza, "Tsuma yupi?"

Uongo wote ukanihama.
Nikamtajia baba, nikamtajia babu, nikamtajia kijiji,
nikautaja na ule mnazi, ambao hadi sasa unazaa.

Alinyamaza. Akaomba mrija, wa mangweni, si wa plastiki.
Sikuwa nao.
Akainamisha glasi, tone likadondoka sakafuni, upande wake wa kaunta,
palipo na vigae vya bei.
Swaleh akaja mbio na kitambaa,
akatutazama,
akarudi nacho kikavu.